Kete: konokono aliyegeuka fedha, barua na neno la mtaani

Sikiliza taarifa ya habari ya jioni kwa makini, utalisikia neno moja katika vinywa viwili visivyofanana. Mchambuzi wa siasa atasema chama fulani kimecheza kete yake ya mwisho. Kamanda wa polisi atasema kijana amenaswa na kete kadhaa za heroini. Kisha zima redio, toka nje: chini ya mwembe wazee wameinamia bao, na mmoja anamkoromea mwenzake afungue kiganja zionekane kete zilizobaki. Watatu hawa hawazungumzii kitu kimoja, na sidhani kama kuna hata mmoja anayemfikiria konokono.

Lakini ni konokono. Kamusi za zamani za Kiswahili zinasema kete ni simbi ndogo, gamba la konokono wa baharini, na kwamba hutumika katika michezo. Pwani ina majina kadhaa ya ukoo huo: simbi, kauri, kete kwa wale wadogo, na dondo kwa lile kubwa lenye madoadoa kama ya chui ambalo watalii hupenda kuuziwa. Siku hizi wachezaji wengi wa bao hutumia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, na wasio na komwe huokota vijiwe. Gamba limeondoka ubaoni, jina limebaki.

Kitu kinacholala bure ufukweni kinapataje maana inayokubaliwa na watu ambao hawajawahi kuonana? Jibu la haraka ni kwamba watu walikubaliana. Mimi jibu hilo hulitilia shaka. Hakuna kikao kilichoitishwa wala azimio lililopitishwa. Kilichotokea ni kirefu zaidi na kina aibu zake, na sehemu yake kubwa ilianzia kwenye fukwe zetu.

Kwanza, kwa nini huyu

Wapo wawili wanaotuhusu. Mmoja wanasayansi humwita Monetaria moneta, mweupe au wa manjano, mwenye vinundu ubavuni, na zamani alivunwa kwa wingi kuliko kote katika visiwa vya Maldivi. Wa pili ni Monetaria annulus, mwenye mduara wa rangi ya dhahabu mgongoni kama pete, naye ndiye wa kwetu, amejaa kwenye miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki. Linnaeus alipompa yule wa kwanza jina mwaka 1758, hakuhangaika kutafuta: moneta ni Kilatini cha fedha. Kabla sayansi haijamfikia, soko lilikuwa limeshambatiza.

Chukua kete moja uitie mkononi. Ina urefu wa sentimita mbili hivi. Haiozi, haishiki kutu, ukiiangusha haivunjiki. Inang'aa yenyewe bila kupigwa msasa, kwa sababu konokono akiwa hai hulifunika gamba kwa nyama yake laini na kulipaka tabaka jipya. Zinalingana ukubwa kiasi kwamba unaweza kuzihesabu, kuzipima kwa kikapu au kuzitia kwenye mizani, na hesabu zote tatu zikakaribiana. Na jaribu kuighushi! Kuchonga mfupa au jiwe lifanane na kete ni kazi kubwa kuliko kete yenyewe. Mafundi wa China ya kale walizichonga kwa mfupa na kuzimimina kwa shaba, lakini huko bahari ilikuwa mbali na kiu ilikuwa kubwa: kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme aliyezikwa Anyang kama mwaka 1200 KK, lilipofukuliwa mwaka 1976 lilikutwa na kauri karibu 7,000.

Kuna na umbo. Mgongo umevimba kama tumbo la mjamzito, na chini kuna ufa mrefu wenye meno. Watu wa mabara tofauti waliutazama ufa ule wakaona jicho lililofumba nusu, au wakaona kile ambacho kwa heshima ya wasomaji nitakiita mlango wa kuzaliwa. Hata jina la zamani la kisayansi la ukoo huu, Cypraea, limetokana na Cyprus, kisiwa cha mungu wa kike wa mapenzi wa Wayunani. Ndiyo maana simbi ilishonwa kwenye mikanda ya wanawake waliotaka watoto, na shingoni mwa watoto waliohofiwa kijicho.

Kwa hiyo tusiseme maana iliangukia kete kwa bahati nasibu. Umbile lake lilifungua milango kadhaa. Ila umbile peke yake halitoshi, kwani lingetosha, Mmafia na Mpemba wangekuwa matajiri wa dunia.

Farumi ya mmoja, dinari ya mwingine

Hapa shahidi wangu ni Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka kama 12 baadaye alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, akaeleza jinsi wenyeji walivyookota konokono hawa, wakawatia kwenye mashimo ufukweni mpaka nyama ikaoza na kubaki gamba jeupe. Huko, anasema, kauri 400,000 zilibadilishwa kwa dinari moja ya dhahabu, na bei ikishuka zilifika hata 1,200,000. Wabengali walizinunua kwa mchele, kwao zilikuwa fedha. Wayemeni nao walizinunua, lakini wao walizitia chini ya vyombo vyao badala ya mchanga. Yaani farumi! Kitu kile kile, bandari ile ile, msimu ule ule: kwa huyu ni hazina, kwa yule ni uzito wa kukizuia chombo kisipinduke.

Miaka michache baadaye Ibn Battuta alivuka Sahara. Katika dola ya Mali na katika mji wa Gao alizikuta kauri sokoni, na huko dinari moja ya dhahabu ilipata 1,150 tu. Linganisha na zile 400,000. Gamba halikubadilika njiani hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye maji ya chumvi, na orodha ya watu waliotangulia kulipokea.

Umbali nauona kuwa muhimu kuliko tunavyokiri. Mtoto wa Bwejuu anayechezea kete mchangani hawezi kuziheshimu, maana kesho maji yakipwa ataokota nyingine. Lakini peleka kete hizo hizo kwa Wakuba, kabila la ndani kabisa ya Kongo, utazikuta zimeshonwa kwa mamia kwenye vinyago vya kifalme na mavazi ya mfalme. Kati ya mwamba na kasri kuna mamia ya mikono, na kila mkono uliongeza kitu. Waluba wa Kongo walifanya la ajabu zaidi. Walikuwa na kibao kiitwacho lukasa, kilichopambwa kwa shanga, misumari na simbi, na mzee aliyefunzwa alikipapasa kwa kidole huku akisimulia majina ya wafalme, safari na miiko. Mpangilio ndio uliobeba historia. Shanga na simbi moja moja zilikuwa kimya.

Kete zetu zilivyokwenda Magharibi

Sehemu hii ningependa ingekuwa fupi, lakini haiwezi.

Karne ya 17 na ya 18, meli za Waholanzi na Waingereza zilirudi kutoka Asia zikiwa na kauri za Maldivi, mara nyingi kama farumi, Wayemeni wa Ibn Battuta wasingeshangaa. Zilipigwa mnada Amsterdam na London, zikapakiwa tena kwenda pwani ya Guinea, na huko zikanunua watu. Ouidah, bandari ya ufalme wa Dahomey (Benin ya leo), zilihesabiwa kwa utaratibu: 40 hutungwa kwenye uzi mmoja, nyuzi 50 hufanya fungu la 2,000, mafungu 10 hufanya mfuko wa 20,000. Mfuko mmoja ulizidi kilo 20, mzigo wa kichwa kimoja. Na thamani ya mwanadamu mzima ilitajwa kwa hesabu hiyo ya nyuzi na mafungu. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa kitu kisicho na hatia ya aina yoyote kikibebeshwa maana nzito namna hiyo.

Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya utumwa kwa raia wake mwaka 1807, mahitaji ya kauri hayakufa. Viwanda vya Ulaya vilitaka mafuta ya mawese kwa sabuni, mishumaa na kulainishia mashine, na mkulima wa mawese alitaka kulipwa kwa fedha anayoijua. Hapo ndipo wafanyabiashara wa Hamburg walipogundua, miaka ya 1840, kwamba hakuna haja ya kwenda Maldivi. Unguja na mwambao wote ulijaa yule mwenye pete mgongoni, naye ni rahisi mno. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi Unguja mwaka 1849, na utajiri wake wa mwanzo ulitoka hapo hapo: kununua kete pwani ya Mashariki, kuzungusha Rasi ya Tumaini Jema, na kuzishusha pwani ya Magharibi. Kampuni ya Régis ya Marseille nayo iliingia mbioni.

Fikiria upande wetu wa hesabu. Bamvua la mwezi mwandamo, maji yamekupwa mpaka mbali, watu wamejitawanya mwambani wakiinua mawe na kujaza vikapu. Mzungu wa mjini ananunua. Kwa nini anataka makombe ya kuchezea bao? Muulize mwokotaji kete ni nini, angekujibu kwa lugha ya bao. Muulize mpokeaji wa Lagos, angekujibu kwa lugha ya mahari, soko na deni. Wote wawili wangekuwa sahihi.

Kisha likatokea lile linalojulikana sana na wachumi. Meli zilimwaga maelfu ya tani. Baadhi ya masoko ya bara yalizikataa kete za Unguja, yakashikilia zile ndogo za Maldivi, lakini palipopokelewa bei zilipanda na kupanda. Ikafika mahali wapagazi wa kubeba fedha kwenda soko la mbali wanalipwa karibu sawa na mzigo wanaoubeba. Mfumuko wa bei haukuanza na karatasi na mashine za kuchapa.

Barua isiyo na wino

Ukidhani kete ilikuwa fedha tu, waulize Wayoruba wa Nigeria. Walikuwa na desturi iitwayo aroko, ya kutumiana ujumbe kwa vitu badala ya maneno. Kauri mbili zilizofungwa zikitazamana zilisema: sisi ni wamoja. Mbili zilizopeana mgongo zilisema: tumekosana. Hapo maana bado inafuata umbile, uso na mgongo, na hata mgeni angekisia.

Lakini tazama hii. Kijana anamtumia binti kauri sita. Kwa Kiyoruba sita ni efa, na fa ni kuvuta. Ujumbe wake: navutwa kwako. Binti akiridhia anarudisha nane, maana nane ni ejo, na jo ni kufanana, kuwa pamoja. Hapa gamba limekuwa hesabu, hesabu imekuwa sauti, na sauti imekuwa posa. Asiyejua Kiyoruba ataona konokono sita waliokauka, basi. Wasomaji wa mwambao hawatapata taabu kuelewa, kwani nasi tuna kanga, na mwanamke wa Kiswahili anaweza kupita mbele ya jirani yake bila kufungua mdomo na bado akawa amemtukana vya kutosha.

Kwa hiyo ishara moja ilibeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: fedha mchana, hirizi usiku, barua katikati. Waaguzi wa Kiyoruba walirusha kauri 16 na kusoma ngapi zimeanguka kinywa juu. Desturi hiyo ilivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa kwa kauri zizo hizo, na leo bado hurushwa Brazil na Kuba. Wauzaji walidhani wanasafirisha watu tu. Hawakujua kwamba maana nayo ilipanda meli.

Namna fedha inavyokufa

Mwanafalsafa wa Marekani John Searle aliacha kanuni ninayoiona inasaidia: kitu fulani huhesabika kuwa kitu kingine, katika mazingira fulani. Neno la kukazia ni huhesabika. Anayehesabu ni nani? Si mimi ninayeitoa kete, wala si wewe unayeipokea leo. Wewe unaipokea kwa sababu unaamini kuna wa tatu atakayeipokea kwako kesho. Imani ya huyo wa tatu imesimama juu ya wa nne. Ukifuata foleni hiyo mpaka mwisho, mara nyingi utamkuta mwenye nguvu: mfalme, mwenye ghala, au mtoza kodi.

Buganda inaonyesha jambo hili waziwazi. Simbi za pwani zilifika huko kwa njia za misafara, zikawa fedha ya soko, ya mahari na ya faini, na sehemu ya hazina ya Kabaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza ukaleta rupia na kodi ya nyumba, na baada ya muda mfupi ukaacha kupokea simbi kwa kodi hiyo. Hakuna aliyezivunja mikononi mwa watu. Zilibaki nzuri kama jana, zinang'aa, zimetungwa vizuri. Ila yule wa mwisho kwenye foleni alikuwa amefunga dirisha, na habari ikarudi nyuma mtu kwa mtu mpaka kwa mama anayeuza ndizi.

Na bado, Mganda wa leo akitaja pesa husema ensimbi. Anatuma ensimbi kwa simu, anakopa ensimbi benki. Nimewahi kuwauliza marafiki wa Kampala kama wanasikia konokono ndani ya neno hilo, wakacheka.

Lugha ndiyo makaburi ya ishara, tena makaburi yenye watu wanaotembea. Katika maandishi ya Kichina alama ya kauri imejificha ndani ya herufi za kununua, mali, bidhaa na kitu ghali, na mtoto wa shule ya Beijing huichora kila siku. Mhindi akitaka kumdharau mtu humwita wa kauri mbili, yaani asiye na thamani, na neno letu kauri lenyewe ni la Kihindi. Ghana ilipoacha pauni mwaka 1965 iliita fedha yake mpya sidi, Cedi, kutoka neno la Kiakan la kauri. Jambo moja lisilo na uzito ila nimeshindwa kuliacha: Waitalia waliita gamba hili porcellana, kisha wakavipa jina hilo vyombo vya Kichina kwa kung'aa kwake. Kiswahili nacho, ukienda dukani ukataka sahani za kauri, utapewa za udongo mweupe unaong'aa, na hakuna atakayekupa konokono.

Siku hizi ishara imefufuka kwa sura nyingine. Simbi zimerudi kwenye nywele zilizosukwa, kwenye bangili, mikufu na viatu, kutoka Mji Mkongwe hadi Atlanta. Anayezivaa Marekani huzivaa kama alama ya Uafrika, ya mizizi isiyokatika. Wapo wanaokunja uso: vipi mtu ajipambe kwa fedha iliyomnunua babu wa babu yake? Mimi naona swali hilo linadhani maana hukaa ndani ya gamba kama harufu. Historia yote hii inaonyesha vingine. Farumi iligeuka dinari, dinari ikageuka posa, na mtu aliyeuzwa kwa kauri aliichukua kauri akaifanya chombo cha kuzungumza na mizimu ya kwao. Mjukuu wake ana haki ya kuendelea. Ninachowaomba wavaaji ni kimoja tu: waijue habari yenyewe, si nusu yake. Na wauzaji wa kwetu wapunguze kumwokota konokono akiwa hai kwa ajili ya mkufu wa dola tano.

Turudi kwa wazee chini ya mwembe, kwa sababu bao linasema jambo ambalo dama na sataranji haviwezi kulisema. Ubao una mashimo 32 na kete 64, zote sawa. Hakuna nyeusi wala nyeupe, hakuna mfalme wala askari. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja mpaka ziishe. Kete iliyokuwa yangu ukiila unaipanda upande wako, na tangu hapo inanipiga mimi. Haina kumbukumbu ya ilikotoka. Kete ya nyumba na kete ya shimo la pembeni ni mbegu ile ile, lakini mchezaji huilinda ya kwanza kama roho yake na ya pili huitupa bila kutazama.

Adhana ya magharibi ikisikika mchezo huvunjwa. Mzee mmoja huzikusanya zote 64 kwenye kopo la maziwa ya unga, anatikisa kuhakikisha hakuna iliyobaki, na kopo huenda chini ya benchi. Kuku hupita, huchungulia, huona si mahindi, huondoka.